MFALME AHABU NA SHAMBA LA NABOTHI
Mafundisho kwa wakubwa na kwa jamaa zilizokimbia

  

Leo tunazungumza juu ya mfalme mmoja wa Biblia aliyekosa vibaya. Hatumzungumzii kwa kumcheka. Biblia haikuficha makosa ya wafalme wake, hata yale ya Daudi, na iliyaandika ili sisi tujifunze. Habari ya leo iko katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Ni habari ya udongo. Na hapa kwetu Kivu, tangu vita vya Masisi na Walikale vya mwaka 1993, ni nani asiyejua kwamba ugomvi wa udongo unaweza kuchimba makaburi?

HABARI YENYEWE

Ahabu alitawala Israeli ya kaskazini miaka 22, na mji wake mkubwa ulikuwa Samaria. Hakuwa mtu mdogo. Maandishi ya Shalmaneser wa Tatu, mfalme wa Ashuru, juu ya vita vya mwaka 853 mbele ya Kristo, yanasema Ahabu alileta magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Biblia inasema tena kwamba alijenga nyumba ya pembe za ndovu. Lakini kando ya jumba lake la Yezreeli kulikuwa shamba la mizabibu la raia mmoja, jina lake Nabothi. Ahabu akalitamani, apande mboga humo.

Angalieni vizuri: mwanzo wake haukuwa mbaya. Alimwendea mwenye shamba, akamwomba. Akasema atampa shamba lingine lililo bora, ao franga za bei yake. Nabothi akakataa. Kwake shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na sheria ya Musa, katika Walawi sura ya 25 na Hesabu sura ya 36, ilikataza kuuza udongo kwa milele na kuhamisha urithi kutoka kabila moja mpaka lingine. Kwa hiyo Nabothi hakukataa kwa kiburi. Alikuwa na sheria mkononi.

Mfalme akarudi kwake na uchungu. Akalala kitandani, akageuza uso, akakataa chakula. Mke wake Yezebeli, binti wa mfalme wa Wasidoni, akamwambia ale, shamba atalipata. Akaandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, akazituma kwa wazee na wakubwa wa mji wa Nabothi. Aliwaagiza watangaze siku ya kufunga, wamketishe Nabothi mbele ya watu, watafute watu wawili wabaya wa kusema kwamba alimtukana Mungu na mfalme, kisha wamtoe nje ya mji na kumpiga mawe. Wazee wakafanya vile walivyoandikiwa. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 9, kinaonyesha kwamba hata damu ya wana wa Nabothi ilimwagika. Hakubaki wa kudai urithi. Ahabu aliposikia kwamba mwenye shamba amekufa, akaondoka kwenda kulitwaa.

SOMO LA KWANZA: TABIA YA MKUBWA HUJULIKANA ANAPOAMBIWA HAPANA

Kila mtu ni mpole anapopewa anachotaka. Ahabu alikuwa na nchi nzima, lakini neno moja la raia wake lilimnyima usingizi. Hakumpiga Nabothi, hakumtisha. Alilala tu na hasira yake, halafu akaacha muhuri wake utumiwe na mwingine, na hakuuliza utafanya kazi gani. Biblia haisemi kwamba aliuliza Nabothi alikufa namna gani. Aliuliza njia ya kwenda shambani tu.

Wewe uliye mkubwa, hata kama ni wa nyumba kumi au wa kamati ya kambi, jipime hapo. Mjane anapokukatalia parseli yake, unafanya nini? Kijana anaposema katika mkutano kwamba hesabu ya maharagwe ya msaada haikutimia, unamwona kama ndugu ao kama adui? Na kashe yako inalala kwa nani? Mkubwa anayesema hakujua, huku matunda ya uovu yanaingia nyumbani mwake, amefanana na Ahabu. Nabii Eliya alipokuja hakumwendea Yezebeli kwanza. Alimwendea Ahabu, akamhesabia yeye damu ile.

SOMO LA PILI: MKUBWA MBAYA ANAHITAJI MIKONO YA WADOGO

Hesabuni watu waliohitajika ili Nabothi afe. Mwenye kupeleka barua. Wazee wa kutangaza kufunga. Mashahidi wawili. Watu wa kurusha mawe. Na mji mzima wa kunyamaza. Yezebeli hakuua kwa mkono wake. Kama wazee wa Yezreeli wangeketi pamoja na kusema kwamba kesi hii haina ukweli, barua ingebaki karatasi.

Angalieni pia kwamba uovu ule ulivaa nguo ya sheria. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17 na ya 19, ilitaka mashahidi wawili ao watatu kabla ya mtu kuhukumiwa kifo. Basi wakaletwa wawili kamili. Ilitakiwa heshima ya dini, basi watu wakafunga. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa ukweli.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na watu hupewa haki ya kuutumia. Juu ya mashamba ya desturi, iliahidi amri ya Rais ya kuyapanga, na amri hiyo ilingojewa miaka mingi. Lakini sheria hiyohiyo iliagiza kwamba mtu asipewe udongo wa kijijini kabla ya uchunguzi kufanywa mahali penyewe: kutazama mipaka, kuandika walio pale, kuwasikiliza wenye kudai. Ulinzi huo ni mzuri. Lakini fikiri: uchunguzi unafanywa wakati kijiji kizima kiko kambini. Mwenye kuandika anatembea, hakuti mtu, anaandika kwamba hakuna mtu na hakuna anayedai. Kisha chefu anaombwa atie sahihi na kashe. Mbuzi imekwisha kufungwa uani, na bia ziko mezani.

Mzee wangu, hapo ndipo unaposimama mahali pa wazee wa Yezreeli. Hakuna anayekuomba kurusha jiwe. Unaombwa sahihi tu. Lakini udongo ambao mwenyewe amekimbia si udongo usio na mwenyewe. Ukiandika kwamba ni mtupu, umekuwa shahidi wa uongo juu ya jirani yako, na kesho watoto wake watarudi na kuuliza jina la aliyetia sahihi.

Labda utasema: agizo limetoka juu, mimi nitafanya nini? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 28, inasema hakuna mtu anayelazimishwa kufanya agizo linalovunja sheria waziwazi. Na kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu na ya jamii, iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Najua kukataa peke yako kunaweza kuleta hatari. Kwa hiyo usikatae peke yako. Ita wazee wenzako, ita kanisa, ita mama wa kijiji, jibu litoke kwa wengi.

Na msifikiri kwamba kumtumikia mkubwa mbaya ni lazima kukuharibu. Katika jumba hilohilo la Ahabu alikuwamo msimamizi jina lake Obadia. Yezebeli alipowaua manabii, Obadia alificha 100, hamsini hamsini katika mapango, akawalisha mkate na maji. Alikula mshahara wa mfalme, lakini hakumpa mfalme dhamiri yake.

SOMO LA TATU: KUTUBU NI PAMOJA NA KURUDISHA

Eliya alimkuta Ahabu shambani mwa Nabothi, akamwambia hukumu ya Mungu. Ahabu akararua nguo zake, akavaa gunia, akafunga, akatembea kwa unyenyekevu. Mungu akaona, akaahirisha msiba mpaka siku za mwana wake. Basi hata mkosaji mkubwa namna hii, mlango wa kunyenyekea haukufungwa kwake. Tusimnyime mtu mlango huo.

Lakini soma sura ile mpaka mwisho. Hakuna mahali inaposema kwamba shamba lilirudishwa kwa jamaa ya Nabothi. Na katika sura ya 22, nabii Mikaya alipomwambia ukweli, Ahabu alimtia gerezani. Machozi yalikuwapo, lakini tabia ilibaki ileile. Mlinganishe na Zakayo katika Luka sura ya 19: yeye aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kwa hiyo, ndugu Mkristo, ukisimama kanisani kushuhudia kwamba umeokoka, na shamba la jirani aliyekimbia lingali mkononi mwako, ushuhuda wako haujafika mwisho. Lirudishe, kisha uimbe.

SOMO LA NNE: KISASI HAKIRUDISHI SHAMBA

Neno hili ni kwenu ninyi mulionyang'anywa. Miaka ilipita. Yoramu, mwana wa Ahabu, aliuawa na Yehu, na maiti yake ilitupwa katika udongo uleule wa Nabothi. Mtu anaweza kusema: haki imefanyika. Lakini Yehu hakuishia hapo. Aliua jamaa yote ya Ahabu, na rafiki zao, na wakubwa wao. Ndiyo maana nabii Hosea, katika sura yake ya kwanza, anatangaza kwamba nyumba ya Yehu nayo itadaiwa damu ya Yezreeli. Aliyekuja kulipa deni akaacha deni jipya.

Sisi tunaijua njia hiyo. Anayekamata silaha kwa ajili ya shamba la baba yake huacha watoto wa mwingine bila shamba na bila baba. Tena, huyo unayemkuta analima kwako, mara nyingi naye amekimbia kwao, ao alipewa na mkubwa aliyemdanganya. Mwanzo wa mwaka 2025, jamaa nyingi zilitoka kwa haraka katika kambi za kando ya Goma. Mtu akirudi namna hiyo, hasira yake inaeleweka. Lakini Eliya alikwenda shambani bila silaha, na neno lake lilimtikisa mfalme.

YA KUFANYA

Kwanza, kila jamaa iandike urithi wake, hata ukiwa kambini. Jina la kilima, majirani wa pande nne, miti, kijito, mawe ya mpaka, makaburi ya wazee. Ni nani aliyewapa, mwaka gani, mbele ya nani. Kwa wenzetu wa Bushi, majina ya mashahidi wa kalinzi. Andikeni mara mbili, karatasi moja mukae nayo, nyingine muiweke kwa mtu wa kuaminika. Wafundisheni na mabinti: Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 iliwaweka watoto mbele kati ya warithi, bila kutenga wa kike na wa kiume.

Pili, usiuze kwa njaa ya leo. Ukiazima shamba, iandikwe kwamba limeazimwa, kwa nani, mpaka lini, mbele ya mashahidi.

Tatu, machefu na wazee, kabla ya kutia sahihi kwamba udongo ni mtupu, ulizeni maneno matatu: Ni nani aliyelima hapa mwisho? Sasa yuko wapi? Ni nani aliyetumwa kumuuliza? Jibu likikosekana, sahihi ingoje. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya waliohamishwa ndani ya nchi zao, ya 21 na ya 29, zinataka mali waliyoiacha ilindwe, na wakirudi wasaidiwe kuipata.

Nne, ukikuta mtu shambani kwako, mwendee na mashahidi, mchana. Msikilize. Kama amepanda, patane naye avune, kisha atoke kwa tarehe iliyoandikwa. Mapatano yakishindikana, nenda kwa wazee wa desturi, na mwisho kwa tribinali. Njia hii ni ndefu, lakini haizai yatima.

Wapendwa, Ahabu alikuwa na magari 2,000, na tunamkumbuka kwa shamba moja la mboga. Nabothi hakuwa na kitu ila neno lake, na jina lake lingali safi. Kila mmoja wetu achague jina ambalo atawaachia watoto. Amani iwe nanyi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kati ya watu wote wa habari hii, ni nani angaliweza kuzuia kifo cha Nabothi? Kwa nini hakufanya?
2. Katika kijiji chetu, ni mashamba gani ambayo wenyewe hawapo? Ni nani anayeyalinda kwa jina lao?
3. Mkubwa wetu akiletewa karatasi ya kutia sahihi, sisi tutamsaidia namna gani asiogope kusema ukweli?