Kilichodaiwa Barabarani: Kuripoti Mkutano wa Haki za Ndoa katika Mji wa Iowa



Nimeombwa nizungumzie namna sisi waandishi na watangazaji wa Kiswahili tunavyoweza kuripoti mkutano wa barabarani ambao wasikilizaji wetu wengi hawaukubali. Nimechagua ule niliouhudhuria mwenyewe: mkutano wa kutetea haki ya ndoa kwa watu wa jinsia moja, uliofanyika Jumamosi ya tarehe 15 Novemba 2008 katika mji mmoja wa mashariki ya Iowa, Marekani, nilikokuwa nikiishi. Nina jambo moja la kusema. Mwandishi aliyetumwa kwenye mkutano wa namna hii aulize kwanza watu wale wanadai nini, na wanamdai nani. Taarifa nyingi nilizozisikia kwa Kiswahili huanza na kuishia kwenye swali la wao ni watu gani, na msikilizaji hubaki hajui ni kitu gani kilichowatoa majumbani mwao kwenda kusimama kwenye baridi.

Usiku wa tarehe 4 Novemba mwaka ule wengi wetu tulikesha. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alichaguliwa kuwa rais, na serikali ya Kenya ikatangaza tarehe 6 kuwa sikukuu. Lakini usiku huohuo wapiga kura wa California walikuwa wamepitisha Pendekezo la 8, lililoandika katika katiba ya jimbo lao kwamba ndoa itakayotambuliwa ni ya mwanamume na mwanamke peke yake. Lilipita kwa takriban asilimia 52. Mahakama ya Juu ya California ilikuwa imeziruhusu ndoa za jinsia moja mwezi Mei, na kuanzia Juni hadi siku ya kura jozi zipatazo 18,000 zilioana. Sasa hawakujua kama vyeti walivyonavyo bado ni vyeti. Florida na Arizona nazo zilipitisha marufuku ya aina hiyo siku ileile.

Hasira ilianzia California ikaenea kwa intaneti, na baada ya siku chache ukatolewa wito kwamba watu wakusanyike kwa wakati mmoja, kila mmoja katika mji wake, katika majimbo yote 50. Mji wetu uliitikia. Hilo la kila mmoja katika mji wake ndilo lililoupa mkutano uzito. Ukienda kuandamana San Francisco, unapotea katika umati wa watu wasiokujua. Ukisimama na bango katika mji mdogo, anayepita kwenye gari ni daktari wako wa meno, au mzazi wa mtoto anayesoma na wako. Waliosimama pale walijua kwamba Jumatatu watakutana na watu haohao kazini, na wakasimama hivyo hivyo.

Kulikuwa na wanafunzi wa chuo, wenye kelele na mabango waliyoyaandika usiku. Kulikuwa na wazee kadhaa, mchungaji aliyevaa kola yake, na wazazi waliosukuma watoto kwenye vigari. Hotuba zilikuwa fupi. Nilichokisikiliza kwa makini zaidi kilitoka kwa mama mmoja wa makamo aliyezungumza bila karatasi. Alisema yeye na mwenzake wameishi pamoja nyumba moja kwa miaka mingi, na kwamba kila wanaposafiri huweka ndani ya gari faili lenye hati za mwanasheria: hati ya kumruhusu mmoja amwamulie mwenzake matibabu akizidiwa, hati ya mali, wosia. Jirani zao waliooana hawabebi faili. Wakifika hospitali, mume husema huyu ni mke wangu, na mlango hufunguliwa. Huyu mama alisema anachoogopa ni kufika hospitali usiku, katika mji wa ugenini, na kukuta faili limesahaulika nyumbani.

Hayo ndiyo madai. Alikuwa anaidai ofisi ya kaunti, yule msajili anayetoa leseni za ndoa kwa yeyote mwenye umri halali na ada mkononi. Hakulidai kanisa lolote limfungishe ndoa, wala hakumdai jirani ampende. Mwandishi akilikosa hilo amekosa habari yenyewe, hata kama amepiga picha nzuri ya bendera za rangi.

Ng'ambo ya barabara walisimama wapinzani, wachache, wakiwa na mabango yenye aya za Biblia. Nao wana haki ya kusikika, na taarifa inayowaficha ni taarifa pungufu. Ila si sahihi kuandika kwamba siku ile dini ilisimama upande mmoja na watu wasio na dini upande wa pili. Yule mchungaji mwenye kola alikuwa upande huu.

Iowa tayari ilikuwa na kesi mahakamani. Mwaka 2005 jozi sita zilikuwa zimeishtaki kaunti ya Polk, ulipo mji mkuu wa Des Moines, kwa kunyimwa leseni. Agosti 2007 jaji wa wilaya aliwapa ushindi. Asubuhi iliyofuata watu walipanga foleni kwenye ofisi ya msajili, na kabla saa chache hazijapita jaji huyohuyo alisimamisha utekelezaji ili rufaa isikilizwe. Jozi moja tu, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, ndiyo iliyowahi kufunga ndoa. Rufaa ilisikilizwa tarehe 9 Desemba 2008, wiki chache baada ya mkutano wetu, na tarehe 3 Aprili 2009 majaji wote saba wa Mahakama ya Juu ya Iowa walikubaliana kwamba sheria ya kuwazuia haiendani na katiba ya jimbo. Hukumu iliandikwa na Jaji Mark Cady. Ilikumbusha kwamba mwaka 1839 mahakama ya Iowa ilikataa kumrudisha utumwani mtu mweusi aliyeitwa Ralph, na kwamba mwaka 1868 ilikataa shule kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya rangi yake. Ilisema wazi pia kwamba dini zinabaki huru kuielewa ndoa zinavyoamini, kwa kuwa kinachoamuliwa ni ndoa ya kiserikali.

Sidai kwamba mkutano wa barabarani uliwashawishi majaji. Ulichofanya, kwa ninavyoona, ni kuwafanya watu wa mji waijue ile kesi kwa sura za majirani zao kabla hukumu haijatoka. Na hata hivyo gharama ilikuja. Novemba 2010 wapiga kura waliwaondoa majaji watatu kati ya saba, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu utaratibu wa kuwapigia majaji kura uanzishwe mwaka 1962. Hukumu yao ilibaki. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ndoa hizo nchi nzima, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Najua swali linalokuja: hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Afrika Kusini iliziruhusu ndoa hizi mwaka 2006, miaka mitatu kabla ya Iowa. Na Iowa yenyewe leo ina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, katika Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City. Wapo miongoni mwao ambao habari hii inawahusu moja kwa moja, na taarifa zetu zinawafikia wao na ndugu zao walioko nyumbani kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ninapoomba tuwe waangalifu kuliko pengine popote. Mtu akisimama na bango katika mji wa Iowa, analindwa na katiba ya Marekani. Picha yake ikifika Kampala, Dodoma au Nairobi kwa simu, inafika kwenye sheria nyingine: nchini Kenya kosa la mahusiano ya jinsia moja lina kifungo cha hadi miaka 14, Tanzania hadi maisha, na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inafika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Hata mtu asiporudi kamwe, mama yake anaishi kule, na wadogo zake wanasoma shule kule.

Basi napendekeza tukubaliane hapa hapa. Asiyetaka sura yake ionekane, tusimpige picha, hata kama amesimama hadharani. Aliyekubali, tumweleze kwa Kiswahili taarifa itarushwa wapi na nani ataiona, kisha tumuulize tena. Akibadili mawazo baada ya kuzungumza na familia yake, picha iondolewe siku hiyohiyo, bila kumtaka atoe sababu.