Vita vya Buganda: Mwalimu Achague Kitabu Kipi?



Mwalimu wa historia wa Mwanza anayetaka kufundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe hana haja ya kuanzia Hispania wala Marekani. Vita vya Buganda vya mwaka 1888 hadi 1892 vilipiganwa ng'ambo ya ziwa, lakini habari zake nyingi za mwanzo ziliandikwa upande huu wa kusini. Wamisionari walipofukuzwa Buganda Oktoba 1888, Wakatoliki walikimbilia Bukumbi, na Waprotestanti wakaenda Usambiro. Mwanga mwenyewe, Kabaka aliyepinduliwa Septemba mwaka huo, alifika Magu, kisha akapokewa Bukumbi. Mwaka 1889 alirejea kwao kwa mashua ya Stokes, mfanyabiashara wa bunduki na pembe.

Basi vituo viwili vya mwambao mmoja viliandika juu ya vita vilevile, na maandishi yao hayalingani. Hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanza.

Apolo Kagwa alitoa Basekabaka be Buganda mwaka 1901, kwa Kiganda. Huyu alikuwapo, anawajua watu kwa majina na koo zao. Lakini Kagwa alikuwa Katikiro na kiongozi wa Waprotestanti, yaani wa walioshinda, na mwaka mmoja kabla ya kitabu chake alitia sahihi Mkataba wa 1900, uliogawa ardhi ya Buganda na kuwapa wakubwa, yeye akiwamo, fungu nono. Si kwamba asisomwe. Asisomwe peke yake.

Kapteni Lugard naye, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliwagawia Waprotestanti bunduki kabla ya mapigano ya Mengo ya tarehe 24 Januari 1892. Kitabu chake kilitoka mwaka 1893, wakati Waingereza wakibishana kama waitwae Uganda au waiache. Ni utetezi wa wakili kuliko historia. Hata Kapteni Macdonald, Mwingereza mwenzake aliyetumwa kuchunguza, alimlaumu, na baadaye serikali yao ikawalipa fidia wamisionari wa Kifaransa.

Walioonewa zaidi na vitabu ni Waislamu. Chini ya Kabaka Kalema walishika nchi kwa karibu mwaka mzima, ila katika vitabu vingi vya shule hupita kama kundi la waasi tu. Islam in Uganda cha Arye Oded, kilichotoka mwaka 1974, kinasaidia kuziba pengo hilo. Kwa mwalimu anayeanza, kitabu cha M. S. M. Kiwanuka cha 1971 juu ya historia ya Buganda hadi 1900 kinafaa zaidi, kwa kuwa kinaviweka vita hivyo ndani ya maisha marefu ya ufalme wenyewe, mahali ambapo vyeo na ardhi viligombewa hata kabla ya msalaba na msahafu kufika.

Kipimo kimoja ni rahisi. Mwalimu afungue kurasa za Januari 1892 atazame majina ya pande mbili. Wakatoliki waliitwa Bafaransa na Waprotestanti Bangereza, ingawa wote walikuwa Waganda, pengine ndugu wa nyumba moja. Kitabu kisichoeleza jambo hilo kitamfanya mtoto adhani Wazungu ndio waliouana Mengo.

Kisha kuna Mwanga. Mwaka 1897 aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa, akavuka kuingia eneo la Wajerumani na kuwekwa kizuizini hapa Mwanza. Alitoroka, akapigana tena, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, na kufia Shelisheli mwaka 1903. Wamisionari walimwandika kuwa mkatili na kigeugeu. Waandishi wengine wa baada ya uhuru wakamhesabu miongoni mwa waliopinga ukoloni. Wanafunzi wa Mwanza wapewe kurasa za pande zote mbili kabla ya kutakiwa kuandika insha juu ya mtu huyo.