Yaya na Kodi ya Mapato: Tuhesabu Ndipo Tukatwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mayaya na watumishi wa majumbani, Dar es Salaam)



Tumeitwa tuseme habari ya kodi. Twajua neno hili si tamu masikioni. Wazee wetu walilisikia siku za Wajerumani na kodi ya nyumba, wakalisikia tena siku za Waingereza na kodi ya kichwa; na Wapare mwaka 1945 walisimama kuikataa kodi iliyoitwa mbiru. Kodi ya kichwa, kama jina lake, ilihesabu vichwa. Kodi ya mapato huhesabu fedha, na asiyefika kiasi kilichowekwa haguswi. Twaomba mlishike jambo hilo, maana wako watu wanaotumia hofu ya kodi ile ya zamani kumnyima yaya haki yake ya leo.

Mnawajua. Yaya akiomba mkataba na kuandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, huambiwa kwa sauti ya huruma: "Mwanangu, nikikuandikisha serikali itakukata kodi, utabaki na nini?" Naye yaya, mtoto wa watu yuko mgongoni, hujibu, haya mama, tuache. Tena wako wengine wasioandikisha mtu popote, lakini kila mwisho wa mwezi hupunguza mshahara wakasema, "Hii ni ya serikali." Serikali gani isiyotoa hata kipande cha karatasi?

Basi na tuhesabu. Twasema habari za Tanzania Bara. Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato hata senti moja. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 hutozwa asilimia 8, na ni kile kilichozidi tu. Tena, kabla ya kodi kuhesabiwa, huondolewa kwanza mchango wa mfanyakazi wa NSSF, ambao ni asilimia 10.

Tuseme yaya analipwa 300,000. Toa mchango, 30,000. Zimebaki 270,000. Kodi yake ni sifuri. Mwingine analipwa 350,000: toa 35,000, zimebaki 315,000, zilizozidi mpaka ule ni 45,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 3,600. Hiyo ndiyo kodi yote ya mwezi mzima ya yaya anayelipwa vizuri kuliko wengi tulio humu ndani.

Na wengi wetu je? Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpangia mtumishi anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha 60,000, na anayerudi kwake 120,000. Hata anayetumikia nyumba ya mwanadiplomasia alipangiwa 250,000. Wote hao walikuwa chini ya mpaka wa kodi. Amri nyingine imeanza Januari 2026, na kila mmoja akaulize kiwango chake katika ofisi ya kazi. Lakini hesabu ni ile ile tuliyoifanya.

Kwa hiyo yaya wa 150,000 anayekatwa 15,000 kila mwezi kwa jina la kodi hakatwi kodi. Kwa mwaka ni 180,000, zaidi ya mshahara wa mwezi mzima. Yawezekana fedha hiyo ni mchango wa NSSF ulioitwa vibaya, na kama ndivyo, vema. Lakini hapo mwajiri naye hana budi kutoa 15,000 yake mwenyewe, ziwe 30,000 katika hesabu ya yaya. Muulizeni kwa adabu: "Mama, namba yangu ya uanachama ni ipi?" Ukishaipata, nenda NSSF uombe taarifa ya michango uone miezi yote imo. Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na mwezi usiopelekwa haujihesabu wenyewe. Twasema hili kwa uchungu, kwa sababu tunao mama waliolea watoto wa nyumba tatu nne hata wakawa maofisa, nao wamerudi kijijini na kanga mbili.

Wala hatusemi kodi ni mbaya. Anayefika kiasi alipe. Kazi ya kukata ni ya mwajiri, naye apaswa kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla siku ya 7 ya mwezi unaofuata haijapita. Yaya mwenye mshahara huo tu hahitaji kujaza ritani ya mwaka. (Yule anayeuza vitumbua jioni ana biashara, na hiyo ina hesabu nyingine, akaulize TRA wenyewe, si jirani.)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri atoe maelezo ya mshahara kwa maandishi, na yakataza makato yasiyo ya sheria wala ya mapatano yaliyoandikwa. Kwa hiyo mwezi huu ombeni karatasi. Akikataa, iandikeni wenyewe: tarehe, fedha mliyopewa, iliyokatwa, na maneno aliyosema. Chama cha wafanyakazi wa majumbani, CHODAWU, kipo kwa kazi hii, na mgogoro wa makato hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Siku hizo hupita upesi kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuchemsha uji wa mtoto.

Tukimaliza hapa tutakaa kwenye meza ile karibu na mlango. Mwenye karatasi ya mshahara ailete tuisome pamoja, na asiye nayo aje na daftari.