MGOLOLO INATUFUNZA NINI SISI WA BARIADI?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana mjini Bariadi.)



Najua wengine mnajiuliza: sisi watu wa pamba, karatasi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Hapa Simiyu kila mkubwa akishika kipaza sauti anaahidi kiwanda. Mwaka 2018 tuliambiwa habari za kiwanda cha vifaa tiba vya pamba, tukapiga makofi. Leo tujifunze kuuliza kwanza, makofi baadaye.

Kule Mufindi, mkoani Iringa, kuna mahali panaitwa Mgololo. Serikali ilikuwa imepanda misonobari Sao Hill, maelfu kwa maelfu ya hekta. Reli ya TAZARA ilipita jirani. Benki ya Dunia na wafadhili wengine wakakopesha fedha, na mwaka 1985 kiwanda cha Southern Paper Mills kikaanza kazi. Uwezo wake ulikuwa tani 60,000 kwa mwaka! Porini ukazuka mji.

Miti ilikuwapo. Maji yalikuwapo. Watu walikuwapo. Kilikwama wapi?

Kwanza, soko. Tani 60,000 zilizidi mahitaji ya nchi ya wakati ule. Pili, deni. Mkopo ulikuwa wa fedha za kigeni, mauzo ya hapa nchini ni shilingi. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama sh. 17, mwaka 1995 ilikuwa imepita sh. 500. Deni ni lile lile, mzigo mara thelathini! Tatu, vipuri vilitoka ng'ambo. Dola zikikosekana, mashine kimya. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, karatasi za nje zikajaa madukani. Miaka ya 1990 mashine zikasimama. Mwaka 2004 kiwanda kikauzwa kwa Rai Group ya Kenya, kikaitwa Mufindi Paper Mills.

Msidhani huo ni ugonjwa wa mashirika ya umma peke yake. Huko Webuye, Kenya, serikali iliingia ubia na kampuni binafsi katika kiwanda cha Pan African Paper Mills. Mwaka 2009 madeni yalikifunga, na mji wote ukanyong'onyea. Mwaka 2016 kikauzwa, na mnunuzi ni yule yule Rai.

Sasa turudi kwetu. Pamba ya mkulima wa Simiyu inachambuliwa, inafungwa marobota, na sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Kiwanda tunakitaka, tena jana! Lakini siku ya jiwe la msingi, kijana wa Bariadi simama uulize: Nani kakopa, na kwa fedha gani? Nani atanunua bidhaa? Mashine ikiharibika, kipuri kinatoka wapi? Mkulima atalipwa lini?

Asiyekuwa na majibu ashuke jukwaani. Kukata utepe ni kazi ya dakika moja. Deni tutalilipa sisi walalahoi, na watoto wetu.