Bega la Andrew Luck

Hapa Lanet ukishika mpira wenye umbo la yai, vijana watakwambia hiyo ni raga, na klabu iko pale mjini Nakuru. Lakini Mkenya mmoja aliushika mpira huo akavuka nao bahari. Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi ya futiboli hiyo.

Kwotabeki wa Colts alikuwa Andrew Luck. Kwotabeki ndiye ubongo wa timu: anapokea mpira, ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani, na majitu ya kilo mia na ushei yanamjia mbio. Luck aliangushwa sana. Bega, mbavu, hata figo lilichanika. Agosti 24, 2019, akiwa na miaka 29, alitangaza kuacha mchezo. Habari zilivuja mechi ikiendelea, na mashabiki wake mwenyewe wakamzomea akitoka uwanjani.

Kuzomea mtu aliyeumia kwa ajili yako, mimi naita utovu wa shukrani. Na sisi tunaopiga kelele pembeni ya uwanja Jumamosi tusijitoe katika lawama hiyo.

Adongo alikuwa ameshaachwa na Colts mwaka 2015. Yeye hakuzomewa. Aliondoka baada ya mechi chache tu.