Kipimo Kinaposoma Chini

Mgonjwa wa kisukari kutoka Ruiru, kaunti ya Kiambu nchini Kenya, akifika Hospitali ya Thika Level 5, kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari yake kwa miezi 2 hadi 3. Lakini je, kipimo hicho kinamfaa kila mtu?

Mwaka 2017, watafiti walichambua data za watu karibu 160,000. Waligundua badiliko la jeni, linalopatikana hasa kwa wenye asili ya Afrika, linalofanya kipimo kisome chini hata sukari inapokuwa juu.

Hiyo ndiyo faida ya data nyingi. Hata hivyo, Waafrika bado ni wachache mno katika tafiti za jeni. Rekodi za Kiambu ziingie humo, kwa ridhaa ya wagonjwa na kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.