Dawa Tamu Iliyoua
Mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja iliuza dawa ya maji, tamu, ya kutibu koo. Ilikuwa imeyeyushwa kwa sumu na haikupimwa usalama wake. Watu zaidi ya 100 walifariki, wakiwemo watoto wadogo. Sheria ya 1906 haikulazimisha dawa ipimwe. Kampuni ikatozwa faini kwa kosa la jina la dawa tu! Ndipo mwaka 1938 ikaja sheria mpya: thibitisha usalama kwanza, kisha uuze.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Dawa na Sumu tangu 1957. Lakini sheria haiingii nyumbani kwako kukushika mkono. Kabla hujamnywesha mtoto dawa, soma chupa, tazama tarehe, muulize mfamasia. Mtoto ni amana.